Mzabibu wangu wa Minnesota hukauka kila mwaka: nifanye nini?

*Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Naishi St. Cloud, Minnesota, lakini nimezaliwa Hombolo, Dodoma, wazazi wangu walikuwa na shamba la zabibu. Miaka mitatu iliyopita nilinunua mche kwenye duka kubwa, kibandiko kinasema Thompson Seedless. Wakati wa joto unaota ajabu, unapanda uzio mpaka kwa jirani, lakini sijaona kichala hata kimoja. Ikifika Mei matawi yote yamekauka, kisha machipukizi yanatokea chini kabisa karibu na udongo. Nafuata niliyofundishwa nyumbani: Agosti naweka samadi, mwanzoni mwa Septemba napogoa ili uchipue upya. Mwaka jana niliufunika kwa nailoni nyeusi, ukakauka vilevile. Jirani anasema nilipaswa kupanda miwili, dume na jike. Mume wangu anasema tung'oe tupande nyanya. Je, nikiagiza vipande vya zabibu ya Makutupora kutoka nyumbani havitakuwa imara zaidi? Au kuna zabibu za watoto kula, siyo za mvinyo tu, zinazostahimili baridi ya huku?*

Salama, dada. Nianze kwa kukutoa wasiwasi: mkono wako hauna kosa. Mzabibu unaotoka ardhini na kuvuka uzio ndani ya miezi mitatu si mgonjwa, na udongo wake hauna njaa. Kinachokushinda ni mambo mawili. Mche ulionao hauwezi kuzaa St. Cloud hata utunzwe na nani. Na kalenda unayoifuata ni sahihi kabisa, ila ni ya Dodoma. La kwanza peke yake linatosha kukunyima zabibu, lakini ukibadilisha mche bila kubadilisha kalenda, hata huo mpya utautesa. Kwa hiyo nitaeleza kalenda kwanza.

Hombolo iko kama digrii 6 kusini mwa ikweta. Tofauti kati ya siku ndefu kuliko zote na fupi kuliko zote haifiki saa moja, na hakuna usiku wenye baridi ya kuua jani. Mzabibu kule haulali usingizi wa kweli. Mkulima ndiye anayeupangia msimu kwa mkasi: akipogoa, macho aliyoyaacha (vitumba vya kuchipua kwenye tawi) yanaamka, vichala vinatoka, na ndiyo maana Dodoma wanaweza kuvuna mara mbili kwa mwaka. Kwa hiyo wazazi wako walipopogoa mara tu baada ya mavuno na kuweka samadi, walikuwa wanaufungulia mzabibu msimu mwingine.

St. Cloud iko zaidi ya digrii 45 kaskazini. Mwezi Juni mchana unafika karibu saa 15 na nusu. Desemba haufiki saa 9. Mzabibu wenye asili ya huku unausoma huo mchana. Kuanzia Agosti, joto likiwa bado kali na wewe hujafikiria koti, ncha za matawi zinaanza kusimama. Kisha tawi la kijani linageuka kahawia, kuanzia chini likienda juu. Ule ukahawia ni gome jipya, na wakati huohuo majani yanaendelea kutengeneza chakula kinachohifadhiwa kwenye tawi, shina na mizizi. Septemba na Oktoba usiku unapopoa, macho yanapunguza maji yaliyomo ndani na kuongeza sukari, na njia ya maji kati ya jicho na tawi inazibwa. Maji machache yanayobaki ndani ya seli za jicho yanaweza kupoa chini sana ya sifuri bila kuganda. Kila aina ina kiwango chake. Baridi ikivuka kiwango hicho, maji yanaganda na jicho linakufa papo hapo. Hakuna kuugua na kupona.

Sasa tazama unachoufanyia. Samadi ya Agosti inaachia naitrojeni wakati mzabibu unapaswa kuacha kurefuka. Mkasi wa Septemba unaondoa majani yaliyokuwa yanaweka akiba, halafu unayaamsha macho ya chini yachipue matawi laini wiki mbili tatu kabla ya jalidi ya kwanza, ambayo kwenu hushuka mwishoni mwa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba. Tawi ambalo bado ni la kijani siku hiyo limeshakufa, hata kama ni la aina ngumu kuliko zote duniani. Unaweza kujipima mwenyewe: mwishoni mwa Septemba shika tawi, uhesabu macho yaliyo kwenye sehemu ya kahawia na yaliyo kwenye kijani. Hayo ya kahawia tu ndiyo unayoweza kuyategemea mwakani.

Nailoni nyeusi nayo ilikusaliti. Haizuii baridi, kwa kuwa hewa iliyo ndani yake usiku inapoa sawa na ya nje. Mchana wa Februari wenye jua inapika, mzabibu unadhani machipuo yamefika na unaanza kulegeza kinga yake, halafu saa 10 alfajiri baridi inarudi, digrii −25 Selsiasi. Theluji ni blanketi bora kuliko chochote unachoweza kununua: chini ya theluji ya sentimita 30 udongo hubaki digrii chache tu chini ya sifuri wakati hewa ya juu iko −30. Ndiyo maana mizizi yako imeishi miaka yote mitatu ilhali matawi yamekufa. Kwa hiyo usiparue theluji iliyolala juu ya mizizi ya mzabibu ukaitupa kando.

Mbona basi unaota sana na hauzai? Vichala vya mwakani vinaanza kuumbwa ndani ya macho ya mwaka huu, tangu Juni. Matawi yakifa, yamekufa na vichala vyake. Chipukizi linalotoka chini ya udongo huwa na nguvu nyingi, kwa kuwa mizizi mikubwa inalisha machache, lakini kwa kawaida halina kichala. Thompson inaongeza shida yake: hata pale inapostawi, macho yaliyo karibu na shina hayazai vizuri, mazao yako kwenye macho ya mbele ya tawi. Baridi ya kwenu inaua macho hayo kila mwaka. Aina hii huanza kupoteza macho kwenye −15 hadi −20, na St. Cloud iko kwenye kanda ya 4, maana yake usiku mbaya kuliko wote wa mwaka hutarajiwa kushuka kati ya −29 na −34 Selsiasi. (Simu yako huenda inasoma Farenhaiti: −20 ya kule ndiyo −29 yetu, na −30 ni −34.) Ongeza kwamba Thompson inahitaji msimu mrefu wa joto ambao Minnesota haina. Na angalia kama shina lina uvimbe karibu na udongo, dalili kwamba mche ulibebeshwa. Kama ulibebeshwa, kinachochipua chini ya uvimbe ule si Thompson tena, ni mzizi wa aina nyingine ambao hutapata kwake zabibu za maana.

Suala la dume na jike. Jirani hajasema uongo mtupu. Mizabibu ya mwituni ya huku kweli huwa na dume na jike mbalimbali, na zipo aina chache za bustani, kama St. Pepin, zenye maua ya kike tu yanayohitaji mwenzake karibu. Aina nitakazokutajia zina maua kamili, mmoja unajitosha. Usinunue wa pili kwa hofu hiyo. Ununue kwa sababu mnapenda zabibu.

Makutupora uiache nyumbani. Uimara wake ni wa jua na ukame, haujawahi kukutana na jalidi hata siku moja. Halafu kuna sheria: vipande vya mzabibu kutoka nje haviingii Marekani kwenye begi la msafiri. Hupitia kibali na karantini kwenye vituo maalumu, kwa kuwa virusi vya mzabibu husafiri ndani ya kipande kinachoonekana kizima kabisa. Ukikutwa navyo uwanja wa ndege vitachukuliwa na unaweza kutozwa faini.

Na ndiyo, zipo zabibu zinazostahimili baridi ya kwenu. Zote zinategemea mzabibu wa mwituni uitwao Vitis riparia, unaopanda miti kando ya mito ya Minnesota yenyewe na kuvumilia hata −40. Tunda lake ni dogo, jeusi, chachu la kukunja uso. Kazi ya wataalamu imekuwa kuuchanganya na zabibu tamu bila kupoteza ugumu wake. Louis Suelter wa Carver, Minnesota, alitoa chotara aliyemwita Beta huko nyuma miaka ya 1880. Elmer Swenson, mkulima wa ng'ombe wa maziwa karibu na Osceola, Wisconsin, alianza kuchavusha zabibu shambani kwake mwaka 1943 na akaendelea mpaka uzee. Nyingi ya zabibu za kula zinazopandwa kaskazini leo ni za mkono wake. Chuo Kikuu cha Minnesota nacho kimetoa Frontenac mwaka 1996, Marquette mwaka 2006 na Itasca mwaka 2017, zote hasa za mvinyo.

Kwa watoto ningeanza na Bluebell. Chuo hicho kiliitoa mwaka 1944, ni ya bluu nyeusi, ina mbegu, ganda linateleza likimenywa kwa meno, na harufu yake ndiyo ile ya juisi ya zambarau ya dukani. Hiyo ladha hutokana na Concord, ila Concord yenyewe usiinunue hata wakikupunguzia bei: inaiva kwa kuchelewa mno, kwenu jalidi itaikuta ikiwa bado chachu. Bluebell huwa tayari mapema Septemba na haihitaji kufunikwa. Kama watoto hawataki mbegu, Somerset Seedless ya Swenson ndiyo jibu langu: punje ndogo, nyekundu ya waridi, tamu kweli, huiva Agosti. Kwa St. Cloud iko ukingoni kidogo. Baada ya baridi kali sana utapoteza sehemu ya macho, hutapoteza mzabibu. Edelweiss ni nyeupe ya kijani, vichala vikubwa, lakini uichume mapema, kabla haijaiva kupita kiasi, maana ikikaa inapata harufu nzito ambayo si kila mtu anaipenda. Swenson Red ina ladha bora kuliko zote hizi kwa maoni yangu, ila kwenu ningeilaza chini kila majira ya baridi, na ubwiri vinyoya, ugonjwa wa ukungu, unaipenda mno. Valiant itaishi popote, hata kanda ya 3. Punje zake ni ndogo na zina mbegu, nzuri kwa jamu na juisi.

Ukiwa na nafasi ya miwili tu, panda Bluebell mmoja na Somerset mmoja. Nunua mche uliooteshwa kwa mizizi yake wenyewe, usiobebeshwa, ili siku baridi ya ajabu ikiukata mpaka ardhini, kitakachochipua kiwe kilekile ulichonunua.

Eneo lina uzito kuliko mbolea. Tafuta mahali penye jua la moja kwa moja saa 7 au zaidi, ukuta wa kusini wa nyumba ukiwezekana, penye hewa inayopita. Epuka bonde la uwanja, kwa kuwa hewa baridi hutiririka na kutulia chini. Panda katikati ya Mei au baadaye kidogo. Mche usio na udongo uloweke mizizi kwenye ndoo ya maji saa 2 hadi 4, ukate mizizi iliyovunjika, chimba shimo la sentimita 30 kwa 30, utandaze mizizi, urudishe udongo uleule. Usitie samadi wala chumvichumvi kwenye shimo. Punguza mche ubaki na macho mawili au matatu, umwagilie lita 15 hadi 20 kwa wiki mvua isiponyesha, kisha kuanzia katikati ya Agosti upunguze. Kati ya mche na mche acha mita 2 hadi 2.5.

Kichanja kiwe tayari kabla mzabibu haujakihitaji. Nguzo za mita 2.4, sentimita 60 zikiwa ardhini, na kwa nguzo za mwisho uzizamishe kadiri unavyoweza na kuziwekea mhimili wa kuegemea, kwa sababu barafu ya ardhini ya Minnesota husukuma nguzo fupi juu kila mwaka. Waya nene mmoja kwenye urefu wa mita 1.8 unatosha. Zabibu za aina hii matawi yake yananing'inia kuelekea chini, kwa hiyo ukiziweka juu zinajipanga zenyewe kama pazia na wewe unachuma umesimama. Uzio wa jirani uache. Hutaweza kupogoa vizuri upande usio wako.

Mwaka wa kwanza kazi yako ni mizizi tu. Chagua machipukizi mawili yenye nguvu, uyafunge kwenye mti wa kuegemea kwa kamba laini, uvunje maua yote. Mwishoni mwa Oktoba, majani yakishapukutika na kabla ardhi haijaganda, rundika udongo sentimita 20 hadi 30 kuzunguka shina changa, uuondoe Aprili. Mwaka wa pili ndipo unapotengeneza shina. Nashauri mashina mawili, siyo moja, na sababu yake ni ugonjwa wa uvimbe wa shina: bakteria anayeuleta huingia kwenye nyufa zinazoachwa na barafu, na shina moja likipata uvimbe unalikata na jingine linaendelea kuzaa wakati unalea mbadala. Shina likifika kwenye waya, kata ncha, na matawi mawili ya juu uyaongoze kulia na kushoto kama mikono. Maua ya mwaka huo pia uyavunje, hata kama watoto watalia. Mwaka wa tatu waachie vichala vichache. Kuanzia wa nne au wa tano, mzabibu mmoja uliotunzwa unaweza kukupa kilo 5 hadi 9.

Mkasi sasa. Unapogoa mara moja kwa mwaka, kuanzia mwisho wa Machi mpaka mwanzo wa Aprili, baridi kali ikiwa imepita na macho hayajavimba. Usiogope maji yatakayodondoka kwenye vidonda. Ni maji ya mizizi, hayaudhoofishi mzabibu. Utaondoa sehemu kubwa, asilimia 80 hadi 90 ya matawi ya mwaka jana. Watu wengi wanasita hapa na ndipo wanapojikuta na msitu wa majani na zabibu zisizoiva. Kinachobaki ni vipande vifupi vya matawi ya mwaka jana, yale ya kahawia yenye unene wa penseli, vikiwa na macho mawili matatu kila kimoja, vimesambazwa kwenye mikono ile miwili. Kwa mzabibu uliokomaa jumla iwe macho 40 hadi 60.

Lakini kabla ya kukata, pima. Mwezi Machi chukua matawi machache ya unene wa penseli, uyaweke ndani siku moja, kisha kwa wembe ukate jicho kwa ulalo, tabaka jembamba baada ya jingine, mpaka uone katikati. Ndani ya jicho kuna vijicho vitatu: cha kati ndicho kikubwa na ndicho chenye mazao mengi, cha pili kina machache, cha tatu mara nyingi hakina kitu ila kinaokoa uhai wa tawi. Kijani ni hai. Kahawia au nyeusi kimekufa. Kata macho 50 uhesabu. Kama nusu ya vijicho vya kati vimekufa, acha macho mara mbili ya kawaida. Kama vyote viko hai, pogoa kawaida. Kipimo hiki cha nusu saa kinakuambia baridi imekuachia nini kabla hujakitupa chote chini.

Jambo moja la kuangalia Mei: damu ya riparia huamka mapema. Jicho likishatoa majani ya kijani, linauawa na digrii moja au mbili tu chini ya sifuri. Ukisikia utabiri wa jalidi, funika kwa shuka kuukuu jioni na uifunue asubuhi. Kwa mzabibu mmoja au miwili hilo linawezekana.

Magonjwa nitayapitia upesi, ila dawa ya magugu ya bustani ya nyasi siwezi kuipitia upesi, maana ndiyo inayoharibu mizabibu mingi ya mjini bila mwenyewe kujua. Dawa zenye 2,4-D au dikamba, zinazoua magugu ya majani mapana, hupeperuka na pia hugeuka mvuke siku za joto, na mzabibu ni miongoni mwa mimea inayodhurika kwa kiasi kidogo kabisa. Majani mapya yanatoka membamba, yamejikunja kama feni, mishipa imebanana. Ongea na jirani na kampuni inayokata nyasi wasipulizie Mei hadi Agosti. Mwezi Oktoba, majani ya mzabibu yakishapukutika, wakipulizia madhara yanakuwa madogo na magugu yanakufa vizuri zaidi.

Kwenye punje, adui mkubwa wa mvua za Juni ni ugonjwa wa kuoza weusi: madoa ya kahawia kwenye jani yenye vitone vyeusi, halafu punje zinasinyaa na kuwa ngumu kama mbegu nyeusi, na zinabaki zinaning'inia. Punje hizo kavu ndizo zinazobeba ugonjwa mpaka mwakani. Zitoe zote wakati wa kupogoa, na zilizoanguka uzifagie. Ikiwa mwaka jana ulipoteza vichala vingi, pulizia dawa ya ukungu iliyosajiliwa kwa zabibu kuanzia kabla kidogo ya maua mpaka wiki tatu au nne baadaye, na usome siku za kusubiri kabla ya kuvuna: mankozebu, kwa mfano, inadai siku 66. Mbawakawa wa Kijapani wanakuja Julai na kutoboa majani yabaki wavu. Asubuhi mapema wakiwa wazito, watikise waangukie kwenye ndoo ya maji ya sabuni. Mitego yao ya dukani usiitundike karibu, inaita wengi kuliko inaowakamata. Punje zikianza kubadilika rangi, weka neti ya ndege. Na kabla ya theluji, zungushia shina changa wavu wa chuma unaozidi urefu wa theluji, sungura wa huko wanatafuna gome mpaka mzabibu unakufa.

Rangi isiwadanganye watoto. Zabibu inabadilika rangi wiki kadhaa kabla ya kuwa tamu, na ikishachumwa haiivi tena. Onja punje ya chini ya kichala, ambayo huchelewa, na utazame mbegu: zikiwa kahawia, umekaribia. Na kwa kuwa umesema watoto: msituni kuna mtambaazi unaofanana na zabibu za mwituni ambao ni sumu. Huo hauna vikono vya kujishikiza, na tunda lake lina mbegu moja bapa yenye umbo la mwezi mwandamo. Wasichume chochote porini bila mtu mzima kupasua punje. Kama mna mbwa, zabibu si chakula chake, zinaharibu figo.

Wakati wa kutafuta mtu aje au akaone kwa macho: ukiona uvimbe unaomenyeka karibu na udongo, majani yakibadilika rangi kwa mpangilio usioueleza, au mzabibu wa aina ngumu ukifa mpaka ardhini miaka miwili mfululizo. Chuo Kikuu cha Minnesota kina huduma ya ugani yenye ofisi kwenye kaunti na wakulima wa kujitolea waliofunzwa. Wapelekee picha za jani mbele na nyuma, na tawi zima kwenye mfuko. Maabara yao ya udongo ipime udongo wako kabla ya kupanda, maana chokaa ikihitajika huchanganywa vizuri kabla mche haujaingia. Lengo ni pH ya 6 hadi 6.5, ingawa kati ya 5.5 na 7 bado inafaa.

Kuhusu Thompson, una njia mbili. Unaweza kuulaza: Novemba majani yakiisha, uufungue kwenye kichanja, uuinamishe polepole mpaka chini, uufunike kwa udongo sentimita 15 au majani makavu mengi, uuinue Aprili. Ni kazi ya kila mwaka, shina likinenepa halipindiki, na hata ukifaulu zabibu zake huenda zisiwahi kuiva kabla ya jalidi. Mimi nisingeilipa gharama hiyo. Mume wako ana haki nusu: ung'oe, ila mahali hapo usimwachie nyanya zote. Mwaka huu usiuwekee samadi wala usiuguse na mkasi Septemba. Agiza miche miwili Januari, kabla vitalu havijaishiwa, na Mei ijayo uchimbe mashimo mapya hatua chache kutoka lile la zamani, upande wa kusini.